Mkungu Alioutaka Kaka

Kaka alirudi nyumbani wakati wa mvua. Alishuka kwenye pikipiki ya afisa ustawi wa jamii, akasimama uani na mfuko wake wa nailoni mkononi. Mama alimkumbatia akalia, Tata (ndivyo tunavyomwita baba) akamwekea mkono begani, mimi nikamsalimia kwa aibu zangu. Yeye bado amesimama. Tulidhani anaiangalia nyumba. Afisa akanywa chai, akasema yake, akaaga, pikipiki ikateremka mlima mpaka mlio ukapotea, na kaka yuko palepale na mfuko wake. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Ndipo Mama akasema, "Mwanangu, si uingie?"

Akaingia.

Nilikuwa kidato cha pili wakati ule, sasa niko cha tatu. Mimi si mtu wa maneno. Mwalimu akitaja jina langu darasani nasikia masikio yanaungua. Lakini haya nataka kuyaandika vizuri kuanzia mwanzo, kwa sababu nyumbani hatuyazungumzi, na nisipoyaandika yananijia nikiwa nateka maji au nafua, yananisimamia nyuma.

Kosa lake kijiji kizima kinalijua, kwa hiyo sina cha kuficha. Yeye na wenzake wawili waliiba kahawa ya mama mmoja mjane ambaye kibanja chake, shamba lake la migomba na kahawa, kimepakana na chetu. Ilikuwa kahawa kavu, imeshafungwa kwenye gunia. Wenzake walivuka mpaka wa nchi na mpaka leo hawajaonekana. Kaka alikutwa na gunia kichwani. Akapelekwa mahabusu ya watoto, mbali sana na huku kwetu Kyerwa, kesi ikawa inaahirishwa na kuahirishwa, mwishowe mahakama ikamrudisha nyumbani chini ya uangalizi. Masharti afisa alitueleza siku ile ile ya kumleta: asitoke nje ya kata bila ruhusa, na asikanyage kwa yule mjane. Akivunja lolote anarudi alikotoka.

"Safari hii sitakuwa na la kumtetea," afisa alisema, na alikuwa anamwangalia Tata, siyo kaka.

Kabla ya hapo kaka alikuwa na mdomo. Kwenye kwaya ya usharika alikuwa anabadilisha maneno makusudi ili niliye mbele yake nicheke niadhibiwe. Alikuwa anamwiga mwinjilisti mpaka Mama anaficha uso kwenye kitenge. Wageni wakija wakiniuliza jambo, yeye ndiye aliyenijibia, "Huyu bubu wetu anasema hajambo." Niliishi nyuma ya mdomo wake, na sikuona ubaya.

Aliyerudi alikuwa anashika sahani kwa mikono miwili na kusimama nayo mlangoni mpaka aambiwe akae. Akishakaa, hali mpaka aambiwe ale. Akimaliza anabaki ameinamia sahani tupu. Kwenda chooni aliomba. "Naomba ruhusa ya kwenda chooni," kwa Kiswahili, sauti moja, wakati nyumbani tunaongea Kinyambo. Mara ya kwanza nilicheka, nikidhani ule utani wake umerudi. Alisubiri nimalize kucheka. Akasema tena, "Naomba ruhusa ya kwenda chooni."

Asubuhi nikitoka kuwasha moto namkuta uani amenyooka, mikono ubavuni, ukungu umemfunika mpaka kiunoni. Alikuwa anasubiri kuhesabiwa. Hakuna aliyekuja kumhesabu. Mimi nilimpita na kuni zangu kwa kuambaa ukuta, kama mtu anayepita kaburini.

Ajabu ni kwamba watu walifurahi. Mwinjilisti alimsimamisha kanisani akasema mtoto amefunzwa, tumwangalie. Shangazi yangu alikuja makusudi kumwona. Alimtuma maji, akaleta. Alimtuma kiti, akaleta. Alimwambia simama pale, akasimama, na shangazi akasahau kumwambia aondoke, wakaongea na Mama mpaka kahawa ya kutafuna ikaisha kwenye kikapu.

"Yule wangu wa pili wamchukue hata kesho," shangazi alisema. "Nitamfungia na nguo zake."

"Usiseme hivyo," Mama akasema.

"Nisiseme kwa nini? Wako ameenda mwizi karudi malaika."

Tata alikuwa na fahari. Alikuwa mtu aliyeinamisha kichwa kijiji kizima kwa sababu ya gunia lile, sasa wazazi wenzake wanamuuliza dawa. Jioni alikaa kwenye kiti chake na kumpa kaka amri ndogo ndogo moja baada ya nyingine: funga mbuzi, fungua lango, funga lango. Sidhani alikuwa mkatili. Alikuwa anasikiliza jinsi zinavyotiiwa.

Baada ya hapo akaja mama mmoja wa tiba. Afisa ndiye aliyemwomba, sababu yake nikaisikia: katika vijana wake wote, huyu peke yake hajawahi kumpa shida hata ndogo, na hilo lilimtia wasiwasi. Alikuja kwa bodaboda akitokea upande wa Karagwe, kofia ya pikipiki imemzidi, viatu vimejaa tope jekundu. Ni mwenyeji wa Muleba, lugha yao inafanana na yetu, kwa hiyo Kinyambo chetu alikisikia vizuri, ila kila tukisema neno lisilo la kwao anacheka kwanza ndipo anajibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Mimi si daktari, mzee. Ni mtoa tiba kwa vitendo. Nawazungukia vijana waliopita mahakamani, Karagwe na Kyerwa yote."

"Na dawa ziko wapi?"

"Sina dawa. Dawa ni kazi za hapa hapa: kuamka, kufua, kulima, kupika, hata kucheza."

Tata alicheka. "Basi dawa tunayo, tuna kibanja kizima. Tulichokosa ni mgonjwa."

Aliketi na kaka kwenye mkeka, mimi nikiwa nachambua maharage pembeni. Akamuuliza, ukiamka unafanya nini kwanza? Kaka akasema, "Nasubiri." Unasubiri nini? Kaka akamgeukia Tata kama mwanafunzi anayetafuta jibu usoni mwa mwalimu. Yule mama akatoa kwenye mkoba wake mapera mawili, moja kubwa, moja dogo lakini limeiva zaidi, akayaweka kwenye mkeka.

"Chukua moja."

"Lipi?"

"Unalolitaka."

Sijui nieleze vipi. Mkono wake ulienda kwenye lile kubwa ukasimama, ukaenda kwenye lile dogo ukasimama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na siku ile kulikuwa na baridi. Mwisho akaurudisha mkono kwenye goti, akasema, "Naomba ruhusa nisimame."

Nilichambua maharage yale yale mara ya pili ili nisiangalie.

Alipokuwa anamsindikiza langoni, nilimsikia Tata: "Huyu ana adabu tu. Nyinyi mliosoma hamjaizoea."

"Mzee, mtoto mwenye adabu anajua anachokitaka, halafu anajizuia. Huyu hana cha kujizuia. Ameambiwa kila kitu kwa muda mrefu mno mpaka kile kinachotaka ndani yake kimenyamaza."

"Kwa hiyo unataka nimharibu tena?"

"Nataka aweze kukukatalia, hata jambo dogo."

Tata alifunga lango. Lakini hakumkataza kurudi, kwa sababu alikuwa ametumwa na afisa.

Kisha ikatokea ile ya kijiweni. Tulikuwa tunarudi kutoka mashine ya kusaga, kaka na ndoo ya unga, mimi nyuma yake. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakisubiri abiria wa Mabira. Nafikiri walishasikia. Mmoja akaita, "Wewe! Simama!" Kaka akasimama. Wakaangaliana. "Weka ndoo." Akaweka. "Chuchumaa." Akachuchumaa. Hapo wakacheka sana, mmoja akashuka kwenye pikipiki ili acheke vizuri. "Ruka kichura!" Akaruka. "Tena! Geuka! Tena!" Na alikuwa anaruka vizuri, miguu pamoja, mikono nyuma ya masikio, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi sana. Vumbi linamwingia mdomoni, macho yanaangalia mbele.

Kicheko kiliisha kidogo kidogo. Yule aliyeanza akasema, "Basi, inatosha, bwana," lakini alisema chini, na kaka aliendelea kuruka. "Nimesema basi!" Kaka akaacha, akabaki amechuchumaa. Hakuna aliyecheka tena. Mmoja aliwasha pikipiki akaondoka bila abiria.

Mimi muda wote ule ulimi wangu ulikuwa umekufa. Nilipopata sauti nilisema, "Kaka, twende."

Akainuka mara moja, akabeba ndoo, akatembea. Na njiani ndipo nikaelewa kwamba nami nimemwamuru, na ametii kama alivyowatii wale. Kwake sauti yangu na sauti zao zilikuwa kitu kimoja. Nilitembea nyuma yake nikiangalia kisogo chake, nikawa najiuliza kama nikinyamaza kabisa atafika mpaka wapi. Atapita nyumbani? Atashuka mpaka mtoni? Nilisema "kushoto" penye njia yetu. Akaenda kushoto.

Nilimweleza yule mama alipokuja tena. Kwangu mimi kumweleza mtu mzima jambo refu ni kama kuvua nguo, lakini nilimweleza, nikiwa nimegeukia ukuta wa jiko. Hakuniambia pole. Aliniuliza, "Na wewe? Wewe unajua unachokitaka?" Nikakwangua udongo wa ukuta kwa kucha. Akasema alishawahi kumhudumia msichana aliyekuwa hatoki chumbani mlango ukiwa umerudishiwa, hata kama haujafungwa, akabaki humo na njaa yake. Nikamuuliza alipona?

"Sijui," akasema. "Nakaa nao mpaka uangalizi wao uishe. Baada ya hapo hakuna anayenileta. Huyo namuota mpaka leo."

Siku ile ndipo alipoleta ile kazi ya mkungu.

Nyumbani kwetu anayeonyesha mkungu wa kukata ni Tata. Anapita kwenye kibanja mikono nyuma, anaijua mikungu yote kama mtu anavyojua ng'ombe wake. Huu wiki ijayo, huu bado, huu ni wa pombe. Mama hakati bila yeye. Sasa yule mama wa tiba akaomba kwamba kila siku anayokuja, kaka aingie kibanjani peke yake, achague mkungu, aukate, na kitakachokatwa kiliwe bila mtu kusema neno.

"Akikata mchanga?" Tata akauliza.

"Mtakula mchanga."

"Akikata wa pombe?"

"Mtakula wa pombe, mzee."

Tata akageukia kwingine. Mama ndiye aliyeongea. Alisema kwa Kinyambo, taratibu, "Baba watoto, nataka kumsikia mwanangu kabla sijafa." Tata akakohoa. Akasema haya.

Mara ya kwanza kaka aliingia na panga hakutoka. Tulingoja. Mama wa tiba alitukataza tusimwite. Mwishowe nilitumwa nichungulie tu, nikamkuta karibu na kaburi la bibi, anatoka mgomba huu kwenda ule, anaugusa mkungu kwa kiganja, anauacha, anaenda mwingine, anarudi kwenye ule wa kwanza. Majani makavu yalikuwa yanakwaruzana juu yake. Hakuniona. Panga lilikuwa linaning'inia mkononi kama si lake. Niliwahi kuambiwa nikiwa mdogo kwamba marehemu wakirudi hugusa vitu vyao hivyo hivyo, wakitafuta kilichokuwa chao. Nilirudi nikasema tu, "Bado anachagua."

Mara ya pili alikata. Mkungu mwembamba, vidole kama vya mtoto. Tuliula. Ndizi zilikuwa ngumu, zina utomvu, zinashika meno. Tata alitafuna kila kidole akiangalia ukuta, na sijawahi kumheshimu kama jioni ile. Mama wa tiba alikula nyingi kuliko wote, kisha akamuuliza kaka, "Uliutaka huo?"

"Ulikuwa karibu," kaka akasema.

Nikaona bega la yule mama likishuka.

Mara ya tatu ilikuwa mchana wenye jua baada ya mvua. Mama alikuwa ametia chai ya maziwa, mama wa tiba amekaa kwenye kigoda, Tata kwenye kiti chake. Kaka hakukawia. Alitokea kwenye migomba na mkungu mkubwa sana kichwani, ndizi zimejaa mpaka zinapasua maganda, utomvu unamtiririka shingoni. Akautua uani kwa uangalifu. Mama akapiga kofi moja la furaha. Akammiminia chai kwenye kikombe, akamshikisha.

Tata aliinuka akauzunguka ule mkungu. Akauzunguka tena.

"Huu siujui," akasema.

Tata kutojua mkungu wa kwenye kibanja chake ni kama mtu kutojua mtoto wake.

Mama wa tiba akauliza polepole, "Umeutoa wapi?"

Kaka akaonyesha kwa kidevu. Alionyesha kule kwenye miramura, ile mimea tuliyopanda kama mpaka, na ng'ambo yake. Kwa yule mjane.

Mama aliketi chini pale pale. Tata alishika kichwa. "Atarudishwa," akasema. "Jua halijazama atakuwa ameshachukuliwa. Mwizi wa kahawa sasa mwizi wa ndizi, kwa mtu yule yule!"

"Kosa ni langu," mama wa tiba alisema. Uso wake ulikuwa umepauka kweli. "Nilimwambia achague, sikwenda naye kumwonyesha mwisho wa kibanja. Nitamwambia afisa hivyo hivyo." Halafu akamgeukia kaka. "Ile yote uliyoipita, kwa nini huu?"

Kaka aliuangalia ule mkungu. "Ulikuwa mzuri," akasema.

Alisema kwa Kinyambo. Nilimwangalia Mama, Mama akaniangalia. Tangu arudi hatujawahi kumsikia akisema kitu chochote ni kizuri au kibaya.

"Urudishe!" Tata akapaza sauti. "Ubebe, urudishe sasa hivi!" Na kaka akaanza kuinama, kikombe bado mkononi, akatafuta pa kukiweka.

"Mzee, nakuomba," mama wa tiba akasema.

Hakuna aliyepata muda wa kuendelea, kwa sababu mjane alikuwa ameshatokea kwenye miramura, kitenge amekifunga kiunoni kwa kazi, panga mkononi. Alikuwa amefuata matone ya utomvu kwenye majani. Sote tulikuwa tunangoja apige enduru, ule ukelele wa kuita kijiji. Ukipigwa kwa ajili ya mwizi, watu hawaji kuuliza maswali. Nilikuwa nahesabu kichwani njia ya kumkimbiza kaka, na nilijua kuwa nisipomwambia kimbia hatakimbia, na nikimwambia atakimbia mpaka nimwambie acha.

Hakupiga. Alikuja mpaka uani, akatusalimia. Kwetu hata mtu akiwa na hasira, salamu hairukwi. Aliuliza wa hapa washindaje, mbuzi je, mgeni je. Tata alijibu zote. Zilipoisha, akaelekeza panga kwenye mkungu.

"Huu ni wangu."

"Ni wako," Tata akasema.

Mjane akamgeukia kaka. "Nani amekutuma?"

"Mama, shikamoo, naomba nieleze," mama wa tiba akaanza, akainuka kwenye kigoda. "Ni mimi niliyempa kazi ya..."

"Marahaba, mwanangu. Wewe sikukuuliza. Nimemuuliza huyu."

Nilimkazia macho kaka. Sijawahi kuomba kitu kwa nguvu namna ile hata kanisani. Sema ni yeye. Sema ni daktari. Ilikuwa hata si uongo, na ingemwokoa, na yeye alikuwa mtu anayesema kila anachoona watu wanataka kukisikia. Sote tulikuwa tunataka. Uso wa Tata ulikuwa unataka, wa Mama ulikuwa unataka, na mama wa tiba alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo kama kumpa ruhusa.

Kaka alituangalia sisi sote, mmoja mmoja. Halafu akamwangalia mjane.

"Hakuna aliyenituma," akasema. "Niliuona. Nikautaka."

Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya jiko.

"Rudia," mjane akasema.

"Si umeshasikia, mama."

Tata aliguna kama amechomwa mwiba. Mtoto hamjibu mtu mzima hivyo, mtoto wa kwetu hata mmoja. Lakini mjane alishusha panga lake, akamsogelea kaka, akamwangalia usoni kwa karibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ee," akasema. "Huyu sasa ndiye niliyekuwa namfukuza kwenye miwa yangu. Yule mwingine mliyeletewa, akinisalimia njiani nilikuwa nageuka nyuma kuangalia kama ana kivuli." Akageuka kwa Tata. "Nilikuwa nasema, kwa sababu ya gunia langu wamenirudishia maiti jirani. Silali."

Mama akaanza kulia, si kwa sauti.

"Lakini ndizi zangu ni zangu," mjane akasema. "Abebe, aniletee mpaka jikoni."

"Amekatazwa kukanyaga kwako," Tata akasema.

"Kibanja ni cha nani? Na kwa afisa nitakwenda au sitakwenda, nitaamua mimi mwenyewe, asije mtu kunipigia magoti."

Hakwenda. Leo nalijua hilo, lakini siku ile hatukujua, na usiku wake Mama alimfungia kaka nguo safi kwenye ule mfuko wa nailoni, endapo wangemfuata. Aliyekwenda kwa afisa ni yule mama wa tiba, akajieleza mwenyewe, na nilisikia kwamba alisemwa vikali sana, na kwa muda hakuletwa kwetu. Uangalizi uliendelea. Sitaki kuandika kwamba kaka amepona. Kuna asubuhi bado namkuta uani amenyooka kwenye ukungu. Kuna siku namwita kwa sauti ya juu bila kukusudia, nikaona jinsi mgongo wake unavyokakamaa, nikatamani nimeze sauti yangu. Sijui ni nani hasa anayelala chumba cha pili. Nadhani ni wawili, na wanapokezana.

Lakini siku ile mjane alitangulia, akafika kwenye miramura, akageuka. "Haya! Beba!"

Ilikuwa amri, imetolewa kwa sauti kubwa, na mtu mzima mwenye panga. Tulimngoja aruke. Mimi nilishaanza kusogea ili nisimzuie njia.

Kaka alikuwa na kikombe mkononi. Alikitazama. Chai ilikuwa bado ina moshi. Akaipuliza, akanywa kidogo, akaipuliza tena. Tata alifumbua mdomo, nikasikia mwanzo wa neno, na mama wa tiba hata hakumgusa, alimwangalia tu, Tata akaufumba. Mjane amesimama pale mkono kiunoni. Mama ameacha kulia ili asikie. Na kaka akanywa chai yake, bila haraka, funda baada ya funda, mpaka akalaza kichwa nyuma kupata sukari iliyobaki chini. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Akaweka kikombe chini, akakisogeza pembeni kisije kikakanyagwa.

Ndipo akainama kwenye mkungu.